Jibu: Vinundu kwenye mizizi ya soya, ni ugonjwa?

Ndugu, usiing'oe hiyo soya! Vinundu ulivyoviona shambani kwako Masindi huenda ni neema. Mzizi hutoa kemikali za kuwaita bakteria waitwao raizobia. Wakishaingia kupitia vinyweleo vyake, mmea huwajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao huigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe huenda bado kichanga, kijani kimeshachoka. Ila kama hakibanduki, yaani mzizi wenyewe ndio umevimba, shuku minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi.

Msimu ujao ukipaka mbegu bakteria wa dukani, fanya kivulini na upande siku hiyohiyo. Mimi nilizianika juani, nikawaua wote.