Usiwashe kwanza: kwa fundi anayeanza kufufua redio za jeshi

Ukiletewa redio ya jeshi iliyolala ghalani miaka 50 au 60, mwenye nayo atakuambia: "Iwashe kwanza tuone." Usiwashe. Akikasirika, mwache akasirike.

Mimi nilimtii mteja wa namna hiyo, hapa Lubumbashi, enzi nikiwa bado kijana wa kushikia wakubwa bisibisi. Alileta BC-348, redio ya kupokea iliyofungwa ndani ya ndege za kivita za Marekani wakati wa Vita vya Pili. Fundi fulani kabla yetu alikwisha kuiwekea transfoma ili itumie umeme wa nyumba. Nikachomeka. Iliongea dakika mbili kwa sauti ya kukwaruza, ikanyamaza, harufu ya nta inayoungua ikajaa chumba. Transfoma ya spika ilikuwa imekatika waya ndani kwa ndani, na mji mzima sikupata nyingine ya kufanana nayo.

Kilichoiua ni kapasita moja ndogo ya karatasi, ile inayopeleka sauti kwenye lampi ya mwisho. Nyinyi mmezoea transista. Lampi ni zile chupa za kioo zenye uzi mwekundu ndani, wengine huziita vali. Kapasita hiyo inapitisha sauti na kuuzuia umeme mnyoofu wa volti 200 na zaidi. Karatasi yake ikishakunywa unyevu wa miaka mingi, inavuja. Umeme kidogo unapenya hadi kwenye gridi ya lampi, yaani kile kiwavu kinachotawala umeme unaopita ndani yake. Gridi iliyotakiwa kuwa hasi inageuka kuwa chanya, lampi inafunguka wazi, na mzigo wote unapita katika waya wa transfoma ulio mwembamba kama unywele.

Usiiamini multimeta peke yake hapo. Betri yake ya volti 9 ni ndogo mno kuonyesha uvujaji unaotokea kwenye volti 200, kwa hiyo kapasita mbovu itaonekana nzima kabisa. Njia ya kweli ni kuufungua mguu wa upande wa gridi, kuuacha ule mwingine kwenye volti zake za kazi, kisha kupima kati ya mguu ulio huru na chasi, yaani bati la mwili wa redio. Namba ikiruka halafu ikashuka karibu na sifuri, ni nzima. Ikibaki volti kadhaa, itoe. Lakini nikuambie ninavyofanya siku hizi: zile za karatasi na nta sizipimi tena, nazibadilisha zote kabla redio haijaonja umeme. Za maika naziacha, maana mara nyingi zinadumu. Rezista za kaboni nazo thamani yake huwa inapanda. Iliyoandikwa kilo-omu 100 unaikuta 150. Ikizidi asilimia 20, badilisha.

Vipuri havihitaji kuagizwa Ulaya. Zile televisheni za zamani zenye mgongo, zinazotupwa kila siku hapa mjini, mitaa ya Katuba na Kenya, zimejaa kapasita za poliesta za volti 400 na 630. Ing'oe, isafishe miguu, ipime. Ukipata muda, kwangua nta ya kapasita ya zamani, toa karatasi iliyomo, weka mpya ndani ya ganda lilelile. Kazi hiyo inachosha macho, lakini mimi naipenda. Tumbo la redio linabaki na sura aliyoipa mtu wa kiwandani, na atakayeifungua baada yetu ataona walivyojenga.

Kapasita kubwa za kuchuja umeme ni habari nyingine. Zikilala miaka mingi, ngozi nyembamba ya oksidi iliyo ndani inadhoofika. Ukizipa volti zote kwa mpigo, zinachemka, hata kupasuka. Zipe umeme kupitia rezista kubwa, kidogokidogo, kwa saa kadhaa, ukiangalia uvujaji ukishuka. Redio ya umeme wa nyumba ifungie taa ya uzi ya wati 60 kwa mfululizo siku ya kwanza. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna njia ya mkato (shoti) ndani; chomoa. Hiyo taa ya bei ya mkate imeniokolea transfoma nyingi.

Sasa kutambua ulichonacho. Kijana wangu mmoja alifungua sanduku kutoka ghala la misheni akakuta redio yenye maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi usoni. Akaanza kutafuta lampi za Kirusi, wiki nzima. Ilikuwa Wireless Set No. 19 ya Waingereza, redio ya vifaru. Zilizotengenezwa Kanada na Marekani ziliandikwa lugha mbili kwa sababu nyingi zilipelekwa kwa jeshi la Kisovieti. Lampi zake ni 6K7, 6V6, 807 na wenzake. Kwa hiyo soma kibao cha chuma kwanza, halafu tafuta kitabu chake. Vitabu vya ufundi vya jeshi la Marekani vya vyombo vya mawasiliano huanza na TM 11. Piga picha kila pembe kwa simu kabla ya kugusa waya.

Ile No. 19 inakula volti 12 za betri ya gari, na dainamota yake, ile mashine inayozunguka ili kupandisha volti, inazalisha hadi volti 500 za kutumia wakati wa kutuma. Usiizungushe kwa umeme kabla ya kuizungusha kwa mkono: grisi ya zamani hugeuka gundi. Safisha, paka mpya, na brashi za kaboni uzirudishe upande ulikozitoa, maana zimeshalika kwa umbo la mahali pake. Nyuzi za kupasha lampi zimefungwa kwa mafungu ya mfululizo, kwa hiyo usichomoe lampi redio ikiwa inawaka. Unaharibu mgawanyo wa volti kwa zilizobaki. Na volti 500 zinaua. Mkono mmoja uwe mfukoni unapopima, na baada ya kuzima maliza chaji ya kapasita kwa rezista yenye mpini wa plastiki. Kuzipiga bisibisi ni mchezo wa watu wasiojali.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi wa Katanga. Mita na swichi za vyombo vya ndege na vifaru vya wakati ule nyingi zilipakwa rangi ya radiamu, madini yanayotoa mionzi hatari, ili zisomeke gizani. Tangu 1922 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya Katanga, ilikuwa ikisafisha radiamu kule Olen, Ubelgiji, kutoka mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Rangi hiyo leo haing'ai tena, kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechoka, lakini radiamu yenyewe nusu yake huisha baada ya miaka 1600. Namba ukiziona za rangi ya kahawia, nene kama uji uliokauka, usifungue kioo, usikwangue, usipulize. Vumbi lake likiingia mapafuni linakaa. Mita ya namna hiyo usiiweke chumba mnacholala watoto na wewe, kwa sababu inatoa gesi ya radoni. Nawa mikono kabla ya kushika bukari, yaani ugali.

Kazi za kupaka vanishi zifanye kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Masika, redio iliyo wazi ilale ndani ya sanduku lenye taa ndogo inayowaka.

Upande wa kutuma, usiuguse bila kibali cha serikali. Redio ya jeshi mikononi mwa raia inaulizwa maswali, na mwenye nayo lazima awe na karatasi. Kupokea kunatosha: jioni, No. 19 yenye waya wa mita 15 juu ya mwembe inakamata vituo vya masafa mafupi, bendi ya mita 49 na ya mita 41, vizuri sana.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatasi ngumu kila ulichobadilisha, thamani ya zamani na mpya, na tarehe. Kifunge kwa uzi ndani ya sanduku, mbali na lampi zenye joto. Vile ulivyovitoa viweke kwenye mfuko, umpe mwenye redio.