Mchezaji hoki wa kiguu na njia: hesabu za siku na mechi zinazoamua ajira yake

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili. Mpwa wako aliyekulia Winnipeg, Kanada, mshambuliaji wa miaka 24, amemaliza chuo na klabu ya ECHL, ligi ya hoki ya barafu, imempa mkataba: je, hiyo ni kazi ya kumweka mtu mjini? Na kwa nini wachezaji wa ngazi hiyo wanahamahama hivyo? Nitakujibu kwa urefu, maana familia nyingi zikipokea karatasi ile husoma mshahara peke yake, na mshahara ndio unaoeleza machache.

Hoki ya barafu ya kulipwa Amerika Kaskazini ina ngazi tatu kuu. Juu ni NHL yenye klabu 32. Inafuata AHL, nayo ina klabu 32, kila moja ikiwa na klabu yake mama ya NHL. ECHL ni ngazi ya tatu, na klabu zake nyingi zimefungamana na hizo za juu. Beki akivunjika kidole NHL, mwingine anapandishwa kutoka AHL usiku huohuo, na pengo lake huko AHL linazibwa na mtu wa ECHL. Mchezaji wa kiguu na njia anaishi kwa mapengo hayo. Akihama mara nne kwa msimu, usidhani kocha amemchoka. Mara nyingi ni majeraha ya watu asiowajua yanayomsogeza.

Mpwa wako akisaini ECHL, analipwa kwa wiki, msimu ukiwa unaendelea tu, na klabu inampa mahali pa kulala. Msimu una mechi 72, na wikendi nyingi ni mechi tatu kwa siku tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, baina yake basi la usiku. Mkataba wenyewe si dhamana. Klabu inaweza kumwachia wakati wowote, na akiachiwa, chumba nacho kinakwenda. Kwa hiyo kabla ya kusaini aulize kwa maandishi: nikiachiwa, nina siku ngapi za kuhama? Nikipandishwa AHL kwa wiki mbili, vitu vyangu vinabaki chumbani au vinahamishwa? Wachezaji wa AHL na ECHL wana chama chao, PHPA, kilichoanzishwa 1967, na nakala ya makubaliano ya pamoja inapatikana kwake. Aisome yote, hasa sehemu ya majeraha. Akiumia, hata kama anaweza kumaliza mechi, taarifa iandikwe na mhudumu wa timu siku hiyohiyo. Bega lililoanza kuuma Novemba bila karatasi, likifika Machi linaitwa bega la zamani.

Faida ya mkataba wa ECHL ambayo wengi hawaijui ni kwamba klabu yoyote ya AHL inaweza kumwita, hata isiyofungamana na klabu yake. Mlango unaotumika ni mkataba wa majaribio wa AHL, usiozidi mechi 25, na akipendwa anaweza kupewa wa pili. Ndiyo njia aliyoanzia Alexandre Burrows. Hakuchaguliwa na klabu yoyote ya NHL, akacheza ECHL katika miji kama Greenville na Baton Rouge, akapanda AHL, kisha klabu ya NHL ya Vancouver. Msimu wa 2009-10 alifunga mabao 35 na mwisho wake alicheza mechi 913 za NHL. Makipa Jonathan Quick na Jordan Binnington nao walipita ECHL. Njia ipo kweli, ila nyembamba.

Sasa pesa. Akifika pazuri atapewa mkataba wa mishahara miwili: mmoja akiwa NHL, mwingine akiwa AHL. Kiwango cha chini cha NHL kwa msimu wa 2025-26 kiliwekwa kuwa dola 775,000, na mshahara huo unalipwa kwa kila siku aliyomo kwenye kikosi. Msimu una takriban siku 190, kwa hiyo siku moja ni zaidi kidogo ya dola 4,000. Tuseme upande wa AHL umeandikwa dola 80,000: siku moja ni kama dola 420. Siku kumi juu zinampa takriban dola 40,000, siku kumi chini hazifiki 4,300. Ndiyo maana kabla ya msimu wa 2025-26 mchezaji aliweza kushushwa asubuhi baada ya mechi na kupandishwa siku ya mechi inayofuata; klabu iliokoa siku zilizo katikati. Wakala mzuri anapigania namba ya tatu, kiasi cha chini kilichohakikishwa kwa msimu mzima, ambacho klabu hulipa hata akikaa AHL mwaka wote. Kati ya namba tatu hizo, mimi ningemwambia kijana aanze na hiyo. Ile ya 775,000 inapendeza macho, lakini anaweza asiione hata siku moja.

Kuna pia weiva. Mchezaji aliyevuka umri na idadi fulani ya mechi hawezi kushushwa AHL kimyakimya. Lazima kwanza awekwe wazi kwa saa 24, na klabu nyingine yoyote ya NHL inaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Zikimtaka zaidi ya moja, iliyo chini kwenye msimamo ndiyo inayopata. Asipochukuliwa anashuka. Akipandishwa tena, klabu ina nafasi ya kumshusha bila weiva mpaka afikishe mechi 10 au siku 30 kikosini. Ukiona mtu amecheza mechi tisa vizuri halafu kashushwa, hesabu kwanza kabla ya kumlaumu kocha.

Hesabu inayokatisha ajira nyingi, na isiyosemwa sana, ni 260. AHL ni ligi ya kukuza vijana. Katika wachezaji 18 wa ndani wanaovaa kwa mechi, makipa hawahesabiwi, 13 lazima wawe wa daraja la maendeleo: 12 wawe na mechi za kulipwa zisizozidi 260, na mmoja asizidi 320. Zinabaki nafasi tano kwa wakongwe. Zinazohesabiwa ni mechi za msimu wa kawaida za AHL, NHL na ligi kuu za Ulaya; za ECHL hazimo. Misimu mitatu kamili ya mechi 72 ni 216, kwa hiyo katikati ya msimu wa nne mtu anapita 260, na kwa kuwa hesabu huchukuliwa kama ilivyo mwanzoni mwa msimu, msimu wa tano anauanza akiwa amevuka mstari. Kuanzia hapo hashindani na vijana tena, anashindana na wakongwe wenzake kwa viti vichache. Mchezaji wa miaka 26 aliye bora kuliko mwaka jana anaweza kukosa kazi kwa sababu hiyo tu, na inaniuma kila nikiona jambo hilo linamkuta mtu ambaye hakuna aliyemwonya. ECHL nayo ina mpaka wake: wakongwe wanne kwa kila klabu, na huko mechi za ECHL zinahesabiwa.

Anayedumu, basi, hudumu kwa nini? Kwa kazi moja ambayo kocha haogopi kumpa. Mchezaji wa mstari wa nne hupata dakika nane hadi kumi kwa mechi, kila zamu kama sekunde 40 au 45. Ndani ya muda huo awe mtu wa kati anayeshinda zaidi ya nusu ya mara ambazo kisahani kinachochezewa kinadondoshwa na mwamuzi, au mtu wa kuzuia timu ikiwa pungufu, anayelala mbele ya shuti bila kusukumwa. Beki anayeshika gongo kwa mkono wa kulia hutafutwa zaidi, kwa kuwa ni wachache. Mike Sillinger, mchezaji wa kati, alicheza klabu 12 za NHL, rekodi ya ligi hiyo, na alibadilishwa kati ya klabu mara tisa. Hata hivyo alifikisha mechi 1,049. Klabu 12 maana yake klabu 12 zilimtaka.

Kuhama kwenyewe kuna ufundi wake. Awe na jozi mbili za viatu, zote zimeshavunjwa ugumu, na aandike mahali kipimo cha mfereji wa bapa lake, yaani kile chuma cha chini ya kiatu: nusu inchi, au tano kwa nane ya inchi. Mfereji wenye kina unauma barafu sana na kuchosha mapaja. Usio na kina unateleza. Mtunza vifaa mgeni asipoambiwa atanoa kwa kipimo chake, na mechi ya kwanza, ile ambayo kila mtu anamtazama, kijana anaanguka kwenye kona. Vilevile aandike ugumu na mkunjo wa gongo lake. Na kodi: majimbo mengi ya Marekani humtoza mchezaji kwa siku alizofanya kazi humo, kwa hiyo atunze orodha ya tarehe na miji, na amlipe mhasibu anayejua pande zote mbili, Kanada na Marekani.

Mlango wa AHL ukifungwa, unabaki wa Ulaya, na hapo pasipoti ni mtaji. Uswisi inaruhusu wageni sita kwa mechi tangu msimu wa 2022-23. Ligi kuu ya Ujerumani, DEL, inaruhusu tisa na ina mechi 52. Mwenye bibi Mjerumani akapata uraia hahesabiwi mgeni, na thamani yake inapanda papo hapo. Mpwa wako bila pasipoti ya Ulaya atashindania viti vya wageni, na mgeni hutakiwa kufunga mabao. Klabu haitumii kiti hicho kwa mtu wa kuzuia tu. Mikataba ya huko mara nyingi hutajwa baada ya kodi, pamoja na nyumba na gari. Baadhi ya klabu za Uingereza huongeza masomo ya shahada ya uzamili. Kwa mtu wa miaka 28 hiyo inaweza kuzidi dola elfu kadhaa, mradi ada iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na nani anamalizia kuilipa akiachiwa Januari.