Mwongozaji wa kwaya azungumze au anyamaze?

Ndugu aliyeuliza kama inafaa kiongozi wa kwaya au okestra kuzungumza na wasikilizaji kabla ya kuimba au kupiga ametuletea pingamizi za wahakiki wa Ulaya na Marekani: kwamba muziki unajitosheleza, kwamba maneno huvunja utulivu, na kwamba wanamuziki wengi hawajui kuhutubia. Nafundisha kwaya hapa Mbeya, na pingamizi hiyo ya mwisho naikubali, kwa maana nimewahi kuhudhuria tamasha ambalo kiongozi alishika maikrofoni akasimulia maisha ya mtunzi tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, hata wimbo ulipoanza watu walikuwa wamekwisha kuchoka.

Liko kosa kubwa kuliko hilo la urefu. Tarehe 6 Aprili 1962, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, Leonard Bernstein, mwongozaji wa okestra wa Marekani, aliwaeleza wasikilizaji, kabla ya konseto (utungo wa piano na okestra) ya kwanza ya piano ya mtunzi Brahms, kwamba hakuafikiana na namna mpiga piano Glenn Gould alivyotaka kuipiga. Wahakiki walimshambulia, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa sababu watu walipewa hukumu kabla hawajasikia chochote. Lakini Bernstein huyohuyo, kuanzia 1958 hadi 1972, aliendesha matamasha ya vijana yaliyoonyeshwa kwenye televisheni, ambamo alieleza jambo na okestra ikalipiga papo hapo.

Njia hiyo ndiyo ninayoifuata. Kabla ya kuimba "Haleluya" ya mtunzi Handel, nawaomba besi, yaani sauti nzito ya wanaume, waimbe peke yao mstari wa "Naye atatawala milele na milele", kisha nawaambia wasikilizaji kwamba utapokewa na sauti ya tena (sauti nyembamba ya wanaume), halafu alto, halafu soprano, sauti za wanawake. Haichukui hata dakika moja. Tukifika pale, wazee wa mabenchi ya mbele, ambao hawajasoma solfa maishani mwao, hugeuza nyuso kuelekea kila sauti inapoingia, na mara nyingine huwahi kabla ya waimbaji wenyewe. Mhakiki aliyekulia katika kumbi za London huenda asihitaji msaada huo. Kwetu, ambako karatasi ya maelezo ya tamasha ni nadra, wengi wanauhitaji, na sioni sababu ya kuwanyima.

Kuhusu utulivu, wahakiki wamesema kweli tupu: maelezo yote nayamaliza kabla sijainua mkono, na kazi yenye sehemu kadhaa siikatizi katikati kwa neno lolote.