Mimi, mdogo wangu na ugomvi wa chanjo

Miezi minane mimi na mdogo wangu hatukusemezana, na chanzo kilikuwa sindano ya korona. Mimi nilichanja mwaka 2021, mara tu zamu ya watu wa umri wangu ilipofika. Yeye alikataa. Hadi leo naamini nilifanya vyema kuchanja. Ninayoyajutia ni maneno niliyoyasema baada ya kuchanja, na ndiyo yaliyonifanya niandike, maana najua familia ambazo ugonjwa umeshapita lakini watu bado hawapeani salamu.

Ilianza na video aliyoituma kwenye kundi la familia. Mtu kavaa koti jeupe anaeleza kwamba chanjo inabadilisha vinasaba. Namba ya mdogo wangu ninayo, ningempigia. Badala yake niliandika palepale, mbele ya wakubwa na wadogo: "Watu kama wewe ndio mnaoua wazee." Mama yetu yumo kwenye kundi lile. Wana wakubwa wawili wa mdogo wangu wamo pia. Baada ya dakika chache yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu kwamba amejiondoa.

Kwa hiyo, kama ndugu yako ametuma kitu cha uongo, mfuate faraghani. Mtu akiaibishwa hadharani haangalii tena nani anasema kweli, anatafuta namna ya kuokoa heshima yake. Na jibu la video ile lilikuwa fupi, wala halikuhitaji tusi: chanjo za mRNA, aina kama ile ya Pfizer, hubeba maelekezo yanayoishia nje ya kiini cha seli, wakati vinasaba vyetu vinakaa ndani ya kiini, na maelekezo hayo huvunjwavunjwa na mwili baada ya muda mfupi. Sentensi moja. Ningeweza kumwambia kwa sauti ya dada.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nililifanya kwa nia njema. Nilitia chumvi. Nilimwambia, na si mara moja, "Ukichanja huambukizwi na humwambukizi mtu." Majaribio ya mwishoni mwa 2020 yalionyesha kwamba chanjo ya Pfizer ilipunguza ugonjwa wenye dalili kwa takriban asilimia 95, nami nikaibeba namba ile kama ngao isiyopenyeka. Lakini ilipimwa kwa virusi vya wakati ule. Zikaja aina mpya za kirusi, Delta, kisha mwishoni mwa 2021 Omicron, na mimi mwenye dozi mbili nikalala kitandani siku tano na homa. Mdogo wangu akamtuma Mama: "Muulize dada, ile kinga yake iko wapi?" Nikamjibu Mama kwamba ni mafua ya kawaida tu.

Nilidanganya, na Mama alijua. Ukweli ulikuwa na nguvu kuliko uongo wangu. Kinga dhidi ya kuambukizwa ilikuwa imepungua sana mbele ya Omicron, lakini kinga dhidi ya kulazwa na kufa ilisimama vizuri zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya kuchanja. Ningelisema hivyo tangu mwanzo, homa yangu isingekuwa ushindi wake.

Hata suala la damu kuganda nililiita uzushi. Halikuwa uzushi. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca, na baada ya uchunguzi mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema faida zake ni kubwa kuliko madhara, lakini ikaorodhesha kuganda kwa damu kusiko kwa kawaida kuwa dhara linalotokea kwa nadra sana. Yeye alizisoma habari hizo. Mimi nilimkatalia bila kusoma. Tangu siku ile hata nilipomweleza jambo la kweli kabisa, hakuniamini. Naomba usirudie kosa hili: likiwapo dhara, litaje wewe kwanza, na useme linatokea kwa nadra kiasi gani.

Upande wa pili nao haukuwa na huruma. Niliambiwa nimebakiza miaka miwili ya kuishi, watu wakacheka. Kazini, mwenzetu mmoja alikuwa akinyooshewa vidole kwa kutomaliza dozi, mpaka siku moja alipoeleza mwenyewe, machozi yakimlengalenga, kwamba dozi ya kwanza ilimpa mzio mkali na daktari alimkataza ya pili. Hakupaswa kulazimika kueleza. Na lililonivunja moyo kuliko yote ni mazishini, niliposikia mtu akimuuliza mfiwa, "Kwani alikuwa amechanja?" Alikuwa hajasema hata pole. Kifo cha mtu si ushahidi wa kushindia mabishano yako, uwe umechanja au hukuchanja.

Hii haina maana kwamba kila kitu kiachwe tu. Mama amepita miaka 70 na ana kisukari, nilikuwa na haki ya kuhofia. Lakini nilimwambia mdogo wangu, "Usikanyage hapa." Hapo nilimfungia mlango yeye, wakati niliyetaka abaki nje ni kirusi. Baadaye tulikubaliana kwamba yeyote anayekuja kwa Mama, mimi nikiwemo, asije akiwa na homa au kikohozi, apime ikiwezekana, akae nje au madirisha yawe wazi, na avae barakoa. Hakuna anayeulizwa kadi. Alikubali siku hiyohiyo, kwa sababu masharti yalikuwa yetu sote.

Kupatana kwenyewe kulianza na simu. Sikutuma ujumbe, maana maandishi yangu ndiyo yaliyotufikisha pale. Nilisema, "Nilikutukana mbele ya wanao. Nilikosea, nisamehe." Nilijizuia kuongeza "lakini". Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama Mama anapata usingizi siku hizi. Chanjo hatukuitaja kabisa. Kama kuna mtu unataka kurudiana naye, jaribu hivyo: taja kosa lako lilivyo, na mada yenyewe iache siku hiyo.

Wiki tatu baadaye aliianzisha mwenyewe. "Dada, unajua waliyofanyiwa watu wa Tuskegee?" Sikujua. Nilienda kusoma. Kuanzia 1932 mpaka 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende na kuwanyima matibabu, hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana. Niliporudi kwake nilimwambia ana haki ya kuwa na mashaka, kisha nikamweleza kwa nini naiona chanjo hii kuwa jambo tofauti: ilitolewa waziwazi kwa mabilioni ya watu, matajiri na wakubwa wa dunia wakiwemo, na madhara yake yakatangazwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikumbuki mara ya mwisho alivyonisikiliza hivyo.

Hajachanja mpaka leo. Nami sijaacha kumwambia ninavyoona, ila humwambia tukiwa wawili tu.