Pima afya ya urubani kabla ya kulipa ada ya chuo

Kijana anayetamani urubani kwa kawaida hutafuta chuo kwanza, halafu ada, na suala la afya hulikumbuka mwishoni. Nakusihi uugeuze utaratibu huo. Mwanafunzi huruhusiwa kuanza na cheti cha afya cha daraja la pili, lakini leseni ya rubani wa biashara hudai daraja la kwanza, na nimewaona vijana waliogundua kasoro ya macho wakati akiba ya familia imekwisha kutumika. Nenda mapema kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo kwa Tanzania ni TCAA na kwa Kenya ni KCAA, uombe uchunguzi wa daraja la kwanza.

Miwani isikutishe. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa daraja hilo ni kila jicho kuona 6/9 (yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukisoma kwa mita 9) na yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Kipimo cha kutofautisha rangi ndicho huwakwamisha wengi bila wao kutarajia, na wapo wanaothubutu kukariri namba za vibao vya Ishihara, vile vyenye namba iliyofichwa kati ya vidoti vya rangi. Usifanye hivyo hata kidogo. Usiku utaitambua ndege nyingine inaelekea wapi kwa taa nyekundu ya bawa la kushoto na ya kijani ya bawa la kulia; karibu na njia ya kutua, taa nyeupe na nyekundu ndizo zitakazokuonyesha kama uko juu mno au chini mno; na redio ikizimika, mnara wa kuongozea ndege utakuruhusu kutua kwa mwanga wa kijani au kukuzuia kwa mwekundu.

Vipimo vya usikivu, mkojo, shinikizo la damu na umeme wa moyo havina ugumu kwa mtu mzima wa afya, mradi umelala vya kutosha na hukunywa kahawa asubuhi hiyo.

Penye uzito hasa ni fomu ya historia ya afya. Andika pumu, upasuaji, dawa unazotumia, sonona, na hata degedege la utotoni, ambalo watoto wengi wa kwetu walilipata kwa homa ya malaria. Daktari atataka kujua ulikuwa na umri gani na kama lilirudi baadaye, ili alitofautishe na kifafa. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, aliyemficha mwajiri wake ugonjwa wa akili aliiangusha ndege kwa makusudi huko Ufaransa, wakafa watu 150. Kutofikia kiwango fulani si lazima kukufungie mlango, kwani mamlaka inaweza kukupa cheti chenye masharti baada ya wataalamu kukutathmini. Taarifa iliyofichwa haiwezi kutathminiwa.

Cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, lakini ukivuka miaka 40 huku unarusha abiria bila rubani mwenzako, kama ilivyo katika ndege ndogo nyingi za mbugani na visiwani, hupungua kuwa miezi 6. Katikati ya muda huo, ukiugua usiruke. Mafua huziba mirija ya masikio, na ndege inaposhuka maumivu yake yanaweza kukunyima umakini. Dawa zake nyingi huleta usingizi. Muulize daktari wako wa anga, si muuzaji wa duka la dawa, upumzike kwa muda gani kabla ya kurudi kazini.