Chai ilishuka bei, mbona Boston waliimwaga baharini?

SWALI: Nafundisha historia sekondari na wanafunzi wamenibana. Sheria ya Chai ya 1773 iliwapunguzia bei walowezi wa Marekani, na ushuru uliobaki ulikuwa peni 3 tu kwa ratili (karibu nusu kilo). Kwa nini basi watu wa Boston waliitupa chai hiyo baharini, na ilikuwaje kodi ndogo namna hiyo ikazaa vita vya uhuru wa Marekani? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameshika penyewe. Vitabu vingi huandika kwamba walowezi waliasi kwa sababu ya kodi kubwa, na hilo si kweli. Mtu wa Massachusetts, koloni ambalo Boston ilikuwa mji wake mkuu, alilipa kodi ndogo kuliko mtu wa Uingereza. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuitoza, na zaidi ya hapo, fedha yake inamlipa nani mshahara.

Anza na mshahara, maana hapo ndipo penye ufunguo. Gavana wa Massachusetts aliteuliwa na mfalme, lakini mshahara wake ulipitishwa mwaka hadi mwaka na baraza lililochaguliwa na walowezi. Gavana akiwabana, nao walimcheleweshea posho. Hiyo ndiyo ilikuwa breki yao pekee juu ya mtu asiyewajibika kwao. Mwaka 1767 waziri wa fedha Charles Townshend alipitisha ushuru wa forodha kwa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na sheria yenyewe ilisema fedha hiyo itumike, pamoja na mengine, kuwalipa magavana na majaji wa makoloni. Walowezi walisusia bidhaa za Uingereza, na mwaka 1770 ushuru huo ukafutwa, isipokuwa wa chai. Kuibakiza chai hakukuwa kusahau. Baraza la mawaziri lilipiga kura mwaka 1769, likagawanyika 5 kwa 4, na walioshinda walitaka ibaki alama kwamba Bunge la London lina haki ya kuwatoza walowezi. Kisha mwaka 1772 ikatangazwa kwamba gavana wa Massachusetts, Thomas Hutchinson, na majaji wa mahakama kuu ya koloni hilo watalipwa kutoka kwenye mapato ya forodha. Breki ikakatwa. Miezi michache baadaye Samuel Adams, kiongozi wa wapinzani Boston, na wenzake walianzisha kamati ya mawasiliano ya Boston, iliyoandikiana barua na miji mingine, na ndiyo iliyofanya habari za chai zifike kote haraka.

Sasa chai yenyewe. Kampuni ya India Mashariki, kampuni kubwa ya biashara ya Uingereza, ilikuwa na ratili zipatazo milioni 17 zimelala maghalani bila mnunuzi, nayo ilikuwa ikielekea kufilisika. Kabla ya 1773 ilibidi iuze chai kwa mnada London. Wafanyabiashara waliinunua, wakaisafirisha, na kila mkono iliopita uliongeza bei. Sheria mpya iliiruhusu Kampuni kupeleka chai Marekani yenyewe, ikarudishiwa ushuru wote iliolipa Uingereza, na kuuza kupitia mawakala wachache iliowachagua. Bei ikashuka hadi kushindana na chai ya magendo ya Waholanzi. Lakini zile peni 3 za Townshend hazikuguswa. Kila aliyenunua chai hiyo ya bei poa angekuwa amekubali kodi kwa mkono wake mwenyewe, na fedha ingekwenda kumlipa gavana. Urahisi wa bei ndio uliokuwa mtego, na waliouona waliusema waziwazi. Wafanyabiashara wasiochaguliwa kuwa mawakala nao walikuwa na uchungu wao, na wauza magendo pia. Wanafunzi wasifichwe hilo. Huko Boston, wawili kati ya mawakala walikuwa watoto wa kiume wa gavana.

Kwa nini usiku ule wa Desemba 16 na si mwingine? Kwa sababu ya kanuni ya forodha. Meli ikishaingia bandarini na kuandikishwa, ilikuwa na siku 20 za kulipia shehena. Zikipita, forodha inaikamata na kuishusha. Meli Dartmouth ilifika Boston Novemba 28, kwa hiyo muda wake uliishia Desemba 17. Ikishushwa, mawakala wangelipa ushuru na chai ingeingia madukani. Kurudi London nako hakukuwezekana, maana meli haikuweza kutoka bila kibali cha gavana, na mizinga ya ngome ya bandari ilikuwa ikiilinda njia. Mchana wa tarehe 16 mwenye meli, Francis Rotch, alimwendea Hutchinson kuomba kibali, akanyimwa. Jioni ile watu walipanda Dartmouth na meli nyingine mbili za chai, Eleanor na Beaver, na kwa muda wa saa 3 hivi wakapasua makasha 342, zaidi ya ratili 90,000, zenye thamani ya paundi 9,659. Linganisha na Philadelphia, ambako mawakala walikuwa wamejiuzulu na meli ikasimamishwa mtoni kabla ya kuandikishwa: iligeuza ikarudi, hakuna kilichomwagwa. Katika bandari ya Charleston siku 20 zilikwisha, forodha ikaikamata chai na kuifungia ghalani bila kuuzwa. Sheria ilikuwa moja, lakini ukaidi wa gavana mmoja ulibadilisha matokeo.

Mizizi ya mbali nitaipita haraka. Vita vya Miaka Saba, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipokwisha 1763, deni la Uingereza lilikuwa limekaribia mara mbili, na askari wapatao 10,000 walibakizwa Marekani. Mwaka 1764 waziri mkuu George Grenville alishusha ushuru wa molasi (maji mazito ya sukari ya miwa) kutoka peni 6 hadi 3 kwa galoni, lakini akaukusanya kwa nguvu na kuwapeleka watuhumiwa wa magendo kwenye mahakama ya bahari, ambako jaji aliamua peke yake, bila raia wenzao kuketi kuamua kesi. Waone wanafunzi wako: kodi ilishushwa hapo pia, na hasira ikapanda. Sheria ya Stempu ya 1765, iliyogusa magazeti, hati za mahakama, hata karata, ilifutwa 1766, lakini siku hiyohiyo Bunge lilitangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria katika kila jambo.

Hadi hapo bado si vita. Vita vilizaliwa na adhabu. Mwaka 1774 serikali ya waziri mkuu Lord North iliifunga bandari yote ya Boston hadi chai ilipwe, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Mbaya zaidi ikabadilisha katiba ya Massachusetts: wajumbe wa baraza la juu wateuliwe na mfalme, na mikutano ya miji isizidi mmoja kwa mwaka bila ruhusa ya gavana. Mkulima wa bara, ambaye chai ya Boston haikumhusu, sasa aliguswa kwake. Maelfu walizifunga mahakama vijijini mwaka huohuo. Septemba wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia, na Aprili 19, 1775 risasi za kwanza za vita zikalia Lexington na Concord, miji ya Massachusetts.

Neno moja kuhusu msamiati. Hawa walikuwa walowezi, si wenyeji. Mwaka 1763 mfalme aliwakataza kujitwalia ardhi ng'ambo ya milima ya Appalachia, na katazo hilo lilikuwa moja ya manung'uniko yao. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, jambo lililowasukuma wenye mashamba wengi upande wa uasi. Ukifundisha uhuru wa 1776 bila haya, nusu ya darasa litakuuliza, na litakuwa na haki.

Kwa zoezi, wape Tangazo la Uhuru la Julai 4, 1776 wasome orodha ya malalamiko. Chai haimo kwa jina. Kodi bila ridhaa imo, katikati ya orodha. Kabla yake watakuta lalamiko kwamba mfalme amewafanya majaji wamtegemee yeye tu kwa ajira na mshahara.