Swichi mbovu si changamoto

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunawahoji wakulima wa zabibu huku Hombolo waliopewa pampu ya sola waijaribu kwa wiki mbili. Dodoso letu, nimeliambatanisha, linaitwa "Tathmini ya Uzoefu wa Mtumiaji". Mwenzangu anadai iwe "tajiriba". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Uzoefu unatokana na kuzoea, na mtu wa wiki mbili hajazoea kitu, ndiyo kwanza anatafuta pa kuwashia. Tajiriba, tuliyoipata kwa Waarabu, ina maana ya kujaribu ndani yake. Mwenzako kakuzidi kidogo. Ila uzoefu wa mtumiaji umeshaenea kwa watengeneza programu, nami sina nguvu za kuufukuza.

Kilichonipandisha presha ni swali la nne: "Je, ulikumbana na changamoto yoyote katika matumizi ya bidhaa?" Changamoto! Neno la ukoo wa changamka na changamsha, jambo linalokuamsha ujitume. Siku hizi bomba likipasuka, changamoto. Mshahara ukichelewa, changamoto. Bajaji ikitumbukia mtaroni na abiria wake, changamoto. Swichi inayogoma inamchangamsha nani?

Na ona lilivyokuharibia kazi. Pembeni umeandika kwa kalamu kwamba mzee mmoja alijibu "Hakuna changamoto, mwanangu", na swichi ya pampu yake ameifunga kwa mpira wa baiskeli isijizime. Hakudanganya. Umemwuliza kwa lugha ya semina, kakujibu kwa lugha ya semina. Tena wewe ni mgeni wake, umemletea pampu ya bure. Ulitaka aikashifu mbele yako? Ungemwuliza tu, "Mzee, mpira huu wa nini?" mngeongea mpaka jua lizame.

John Brooke, alipotunga mwaka 1986 dodoso lake mashuhuri la kupima wepesi wa kutumia mifumo, aliweka sentensi 10, nusu za kusifu na nusu za kulaumu, mhojiwa aseme anakubali kwa kiasi gani. Mojawapo ni kwamba angehitaji msaada wa fundi ili autumie. Akikubali hiyo, unajua pa kuanzia. Changamoto haimo.

Uzoefu au tajiriba, patanishaneni wenyewe. Swali la nne lifutwe, liwe "Ilikusumbua wapi?" na "Ilipogoma ulifanyaje?" Ile "changamoto chanya" ya ukurasa wa pili usinioneshe tena.